Plan ya choo kwenye barieri ya Bangboka

Leo karibu wanifunge juu ya plan ya choo.

Munajua kwenye chantier yetu, pale tunajenga shule, tuliacha kutumia makaratasi. Plan zote, ile michoro ya kujenga, ziko ndani ya telefone, mvua hailoweshi tena kitu. Bon.

Asubuhi, barieri ya Bangboka, pale wanapekua wapita njia, askari anaifungua telefone yangu. Anaona mistari, vipimo, mishale. Na airport iko pale karibu. Na vita hii, kila mutu anaogopa drone.

"Unapimia adui airport?"

"Chef, ni choo ya shule."

"Cachet iko wapi, muhuri ya ofisi ya commune?"

Telefone haina cachet!

Akashika bunduki na mukono moja. Mukono ya pili ilikuwa na mikate ya mafuta, imefungwa ndani ya karatasi.

Karatasi yenye mistari.

Plan yetu ya zamani! Makaratasi yote tuligawia mama muuza mikate wa pale barieri, afungie mikate.

"Chef, tafazali, angalia karatasi ya mikate yako."

Akaikunjua. Choo ileile, cachet ya commune inang'aa mafuta.

Akaangalia telefone. Akaangalia mikate.

"Donc, kumbe nakula mikate ndani ya choo?"

Akanirudishia telefone.

"Pita!"

Nilingoja kufika chantier, nikafunga mulango, ndipo nikacheka. Nyinyi mungeweza kujizuia kucheka mbele yake?