Saa ya Pembe Nne ya Mwalimu

Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa fundi saa upande wa Kenya wa Busia, kwenye veranda ya duka la vifaa vya ujenzi, hatua chache kutoka foleni ya malori. Siku hizi watu wananiletea simu. Saa chache zinazofika ni za kubadilishwa betri tu, na macho yangu yamechoka kiasi kwamba hata betri naitia kwa kupapasa.

Mwaka juzi mwanamke mmoja anayeshughulikia karatasi za mizigo kule Malaba aliniachia saa yake niitilie pini ya mkanda. Ilikuwa saa ya kifahari ya mtindo wa zamani: pembe nne, ndefu kidogo, uso mweupe wenye namba za Kirumi, mishale ya buluu, na kijiwe cha buluu kwenye kitufe cha kutilia ufunguo. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa ameniletea chakula. Aliivaa, akaitazama, akasahau hata kunifunulia sahani.

"Hii ndiyo saa," alisema.

"Nitakutengenezea, Mwalimu."

Alicheka, akaivua, akaniambia nile kabla ugali haujapoa.

Mwenyewe alipokuja kuichukua, nilikuwa nimeshaichora kwenye kipande cha katoni pamoja na vipimo vyake vyote. Mwalimu alikuwa amebakiza mwaka mmoja na nusu kustaafu. Miaka yote hiyo alikuwa akivaa saa za plastiki nilizookota kwenye takataka za meza yangu. Mke wa fundi saa.

Ganda nililikata kwenye shaba ya tangi la stovu kuukuu ya mafuta ya taa. La kwanza lilipasuka nilipolikunja pembe. La pili nikalilehemu, nikalipiga tupa alasiri baada ya alasiri, wenye simu wakinikatiza, mpaka vidole vikawa vinakataa kufunga vifungo vya shati. Kioo kilitoka kwenye simu iliyokufa. Mishale niliichonga kutoka springi ya saa ya ukutani, nikaipasha moto taratibu hadi ikageuka buluu. Mahali pa kijiwe nilitia ushanga. Namba nilizichora kwa wino, na ile ya nane niliirudia mara tano.

Mashine ndiyo iliyonisumbua. Nilihitaji ndogo, ya kutia ufunguo, na nilikuwa nayo moja tu: ya saa ya kike ya duara, iliyoletwa kabla ya korona na mama mmoja kutoka upande wa Uganda. Ilikuwa imekaa kwenye mkebe wangu miaka mingi. Sisi mafundi tumezoea kwamba saa isiyofuatwa kwa mwaka mzima ni ya fundi. Sikufikiria mara mbili. Niliichomoa.

Siku nilipomvisha, Mwalimu hakucheka. Alikaa akiitazama kama mtu anayesoma barua. Walimu wenzake walidhani ni ya dukani. Nikasikia uchovu ukinipungua, kwa wiki kama tatu hivi.

Kisha asubuhi moja mwanamke wa makamo akasimama mbele ya meza yangu, ameshika kipande cha karatasi chenye mwandiko wangu.

"Fundi, mimi natoka Nagongera. Saa ya mama yangu iko?"

Alinieleza kwa Kiswahili cha kwao Uganda. Mama yake aliniachia saa, mpaka ukafungwa kwa ajili ya korona, na ulipofunguliwa alikuwa tayari mtu wa kitandani. Walikuwa wamemzika mwezi uliopita. Karatasi waliikuta ndani ya Biblia yake.

"Kila siku alikuwa nasema, saa yangu iko Busia, iko kwa fundi. Sisi nadhani ni ugonjwa tu."

Ningeweza kumwambia imepotea, na angenielewa. Lakini nilikuwa nimechoka mno, hata nguvu za kudanganya sikuwa nazo.

"Ipo, mama," nikasema. "Mke wangu ameivaa. Ngoja atoke shuleni."

Alingoja kwenye benchi hadi saa kumi jioni. Nilimletea chai, akainywa yote. Hakunilaumu kwa neno lolote, na hilo lilinichosha kuliko matusi.

Mwalimu alipofika nilimweleza palepale, mbele ya mgeni. Alifungua mkanda, akamkabidhi saa.

"Pole na msiba, mama."

Mgeni aliigeuzageuza. "Nzuri sana. Lakini hii si ya mama." Kisha akaiweka sikioni, akafumba macho. "Sauti ndiyo yake."

Ganda la zamani lilikuwa bado kwenye mkebe, limeshika kutu. Macho hayakunitosha, kwa hiyo Mwalimu alinimulikia kwa tochi ya simu huku nikifumua kazi ya miezi minane. Mkono wake haukutikisika. Mashine ikarudi kwenye duara lake, chini ya uso wake uliogeuka manjano. Mgeni aliivaa, akatushukuru sote wawili, akapanda boda kurudi mpakani.

Tulipokuwa tunafunga kazi, Mwalimu akasema, "Ungeniambia ilikuwa ya mtu."

"Ilikuwa imesahaulika, Mwalimu."

"Si umesikia mwenyewe kwamba haikusahaulika?"

Nilifungia ganda tupu la pembe nne ndani ya mkebe. Kisha tukatembea hadi nyumbani.

Ilinichukua miezi mingine mitano kupata mashine nyingine, katika mfuko wa saa zilizokufa nilionunua sokoni Tororo. Ni nene kuliko ile ya kwanza. Ilibidi nipanue ganda kwa nyuma, na sasa limevimba. Inachelewa robo saa kwa siku. Nilipomletea, Mwalimu aliitazama bila kuigusa.

"Na hii ni ya nani?"

Nikamweleza nilikoipata, na ni nani aliyeniuzia. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndipo akanyoosha mkono.