Nilivyoweka sembe ya dukani kwenye msolo wa ukoo wa mke wangu

Wakuu, wadogo nawaitikia marahaba, wakubwa shikamooni.

Haya ninayoandika yamenikuta mwenyewe, shambani kwangu Mpapura. Naandika huku nasoma kwa sauti, na mke wangu amekaa hapa anachambua mchicha. Nikiongeza chumvi atanisimamisha, kwa hiyo msiwe na wasiwasi na ukweli wake.

Nijitambulishe kidogo. Shule niliishia darasa la nne. Nimebeba magunia ya korosho Bandari ya Mtwara mpaka bega moja likawa chini kuliko jingine. Nyumba ya bati, mikorosho, mashine mbili za kupulizia dawa, vyote vimetoka kwenye hilo bega. Kwa hiyo nikiongea makavu mnivumilie, sina mengine.

Huku kwa Wamakonde ukoo unahesabiwa kwa mama, na mwanaume ndiye anayehamia kwa mke. Nikahamia. Shamba nilinunua mwenyewe, ila linapakana na kichaka cha ukoo wa mke wangu, Mama Salumu.

Kichaka chenyewe kina makaburi ya zamani, miti mikubwa, na chini yake kuna chemchemi. Mama Salumu anachimba humo mizizi. Mtoto wa jirani akiumwa tumbo anakuja kwake, na akiona hali siyo anamwambia mama wa mtoto "hii ya hospitali, beba twende", wanakwenda wote. Hata pressure yangu nameza vidonge vya hospitali na yeye ndiye anayenikumbusha saa.

Mimi nilikuwa nakunywa dawa zake za tumbo, napona, na sikuwahi kuuliza zimetoka kwenye mti gani.

Nilikuwa natazama ardhi. Kila nikipulizia mikorosho yangu naona kile kichaka, nasema moyoni, ekari tatu nzuri hivi zimelala bure.

Sasa wageni wa huku niwaeleze. Ukitaka kugusa mahali kama pale lazima uombe. Kuna mti unaitwa msolo. Jioni unamwaga unga chini yake taratibu, unasimama kama kichuguu kidogo, unataja majina ya waliolala pale, unasema shida yako. Asubuhi unaangalia. Unga umesimama vilevile, umeruhusiwa. Umeanguka, rudi nyumbani.

Wale wa "mzee hiyo shirki", nawaona mnakuja. Mimi naswali swala tano. Subirini nimalize.

Mama Salumu akaenda msibani siku mbili. Nikaona ndiyo nafasi. Unga unaotakiwa ni wa mtama, uliotwangwa na mwanamke wa ukoo. Mtama ndani haukuwepo. Kulikuwa na sembe ya pakiti, nyeupe, ya dukani.

Nikasema unga ni unga.

Nikamwaga mwenyewe. Majina sikuyajua, nikasema "wenyewe wa hapa, naomba nilime". Basi. Asubuhi nikaukuta umesimama, haujapungua hata punje. Nikamwita fundi wa chainsaw, mtu mzima wa Newala.

Alikuwa ameshaangusha mti mmoja wa pembeni, Mama Salumu huyo, bado na kanga zake za msibani. Akauliza kuna nini. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa, unga umesimama, nenda kaangalie.

Akaenda. Akachota kidogo, akausugua kwenye vidole.

"Hii sembe."

"Unga ni unga, mama."

"Ulimtaja nani?"

Wakuu, nikasema "wenyewe wa hapa". Fundi akazima mashine, akaanza kukusanya madumu yake ya mafuta. "Mzee, kama hujawataja, mimi siendelei. Na mimi nina bibi yangu."

Mama Salumu hakupiga kelele. Angepiga kelele ningeshinda, kelele naziweza. Alisema tu, "Miaka thelathini na mbili unakula kwenye sahani yangu, Baba Salumu. Jina la bibi yangu hulijui."

Akachukua mfuko wake uleule wa msibani, akaenda Mikindani kwa kaka yake.

Hakuaga, na hakusema atarudi lini. Huku ndoa ikivunjika, mwenye ardhi ni mwanamke. Anayebaki na begi mlangoni ni mwanaume.

Lakini sitawadanganya, sikuwaza ardhi. Nilikaa siku kumi na moja. Nilijipikia ugali ukatoka na mabuja, nikala. Vidonge nilisahau siku tatu. Jioni nazungumza na redio. Mtu anayesema amejitengeneza mwenyewe, mwacheni peke yake na sufuria wiki moja, atawaambia vizuri nani alimtengeneza.

Siku ya kumi na mbili nikaenda Mikindani.

Shemeji Hassani ni fundi baiskeli. Hata kukaa sijakaa, akaniambia, "Karibu, Bwana Sembe. Umetuletea pakiti ngapi?" Watu waliokuja kutengeneza baiskeli wakacheka. Nikameza. Ana haki.

Mama Salumu akatoka uani. Nikamwambia nimekosa.

"Umekosa nini?"

"Majina."

Akasema, "Kaa."

Akaanza kunifundisha, mama yake, mama wa mama yake, kwenda juu mpaka watu saba. Siyo majina matupu. Namwelu alikuwa mnene na alipocheka walisikia mpaka shamba la pili. Nalindwa alizika watoto watatu na akalea wanne wa watu. Nantenga alivuka Ruvuma kutoka ng'ambo ya Msumbiji na mtoto mgongoni, akafika pale hakuna kitu, akachimbua ile chemchemi kwa jembe bovu, akakataza mtu yeyote asikate miti ya juu yake. Hakusoma hata darasa langu la nne, lakini alijua maji yanakaa kwa sababu ya miti.

Nikirudia na kukosea, Hassani anagonga rimu kwa spana. Tulienda hivyo siku mbili. Mtu wa umri wangu.

Nilipoyashika yote nikamwambia Mama Salumu ukweli: bado kichaka nakitaka.

Akacheka, mara ya kwanza tangu siku ile. "Najua. Basi safari hii ukaombe kama mtu."

Tukarudi Mpapura wote watatu. Mama Salumu akatwanga mtama. Jioni Hassani akamwaga unga, mimi nikataja watu saba bila kukosea, nikasema shida yangu. Tulipoondoka Hassani akasema, "Kesho ukaangalie peke yako. Sisi hatutaki kitu pale, anayetaka ni wewe."

Alfajiri baada ya swala nikaenda.

Unga ulikuwa umeanguka upande mmoja. Sisimizi wamepanga mstari wanabeba.

Nilichuchumaa pale. Nikajiambia, hawa ni sisimizi tu, wanapenda mtama, sembe wameikataa kwa sababu haina ladha. Na inawezekana ndivyo, sibishani na mtu. Hakuna aliyekuwa ananiona. Ilikuwa kuusogeza kwa viganja viwili, uinuke, niende nyumbani niseme umesimama. Mikono nilishainyoosha.

Siku ile ya sembe ningefanya bila kufikiri, maana pale palikuwa kwangu ni miti na ardhi. Sasa pale alikuwepo Namwelu anacheka. Alikuwepo Nantenga na jembe lake. Ukishamjua mtu kwa jina na tabia, kumdanganya mbele ya uso wake ni kazi nzito.

Nikarudisha mikono.

Nyumbani Mama Salumu alikuwa anawasha moto. Nikamwambia, "Umeanguka."

"Umeugusa?"

"Sijaugusa."

Akashika mkono wangu, akaugeuza, akaangalia vidole na kiganja. Kisha akaushikilia tu pale kwenye moshi, muda mrefu kuliko wa kukagua. Halafu akaniambia nikamwamshe kaka yake, chai tayari.

Kichaka kipo. Nimeng'oa mikorosho mizee ndani ya shamba langu, nimepanda mipya hapohapo. Inatosha.

Nilichojifunza: usiguse mahali mpaka uwajue waliopatunza kabla yako. Ukiwajua, nusu ya tamaa inaondoka yenyewe.

Sasa zamu yenu. Mtaje mama wa bibi yako mzaa mama, jina lake na kitu kimoja alichokifanya. Asiyejua asione aibu, apige simu kwao leo, kisha arudi aandike hapa. Mama Salumu anasema atasomewa yote.