Uzi wa Kioo Kwenye Kisima cha Mama

Mimi simung'unyi maneno: dada yangu nampenda, ila wasomi wananichosha. Miaka kumi na tisa yuko maabara anahangaika na uzi wa kioo mwembamba kama unywele. Ncha yake imepakwa rangi. Ukiuchovya kwenye maji yenye sumu ya kiwanda cha ngozi, ukaumulika kwa mwanga wa buluu, rangi inawaka nyekundu na kikasha kilichoungwa na uzi kinaandika SUMU. Isipowaka, kinaandika SAFI. Basi. Majirani wakambandika jina la Profesa Tochi.

Kikasha cha kwanza alimpa mama, maana kisima chake kiko bondeni, chini ya kiwanda. Mama aliringa mpaka kero. Kila asubuhi anapima, anasoma SAFI kwa sauti ili jirani asikie, ndipo anachota.

Mwezi wa nane akavimba miguu. Daktari akasema figo zote mbili zimekwisha, akauliza mama anakunywa maji gani.

Dada akaenda kisimani na uzi mpya. Ukawaka nyekundu. Akachovya ule wa mama, haukuwaka hata kidogo.

"Mama anauweka wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha kamba ya nguo uani. Mama ni mtu wa usafi. Akishapima, anauosha uzi kwa sabuni na kuuanika hadi jioni. Jua lilikuwa limeichujisha rangi, na rangi iliyochuja haiwaki hata kwenye sumu tupu. Kule maabara kila mtu anajua uzi unakaa gizani, kwa hiyo hakuna aliyewaza kumwambia mama.

Nilimfokea dada. "Hicho kikasha chako hakijui kusema sijui?"

Alikaa chini kwenye saruji na koti lake la kazini.

Hospitalini, mama alimshika dada mkono. "Kile kidude chako nilikitunza, mwanangu. Nakiosha, nakianika. Au ndiyo nilikiharibu?"

Alikuwa anaogopa kufa akijua kajiua kwa mikono yake.

"Hapana, mama," dada akasema. "Kilikuwa kibovu tangu nilipokileta."

"Nilijua tu. Mimi siharibu vitu vya watu."

Alifariki Alhamisi. Tulipokuwa kwenye korido tukisubiri karatasi za kuchukulia mwili, nilimwambia dada kwamba namshukuru kwa ule uongo.

"Uongo upi?" akaniuliza. "Hakikujua kusema sijui."