Hrant Ahama Bekari Kabla ya Kadi ya Kijani

Kule kwao Gyumri, Hrant Melkonyan alikuwa fundi wa milango ya mbao, fundi hasa. Hapa Glendale, Marekani, alikuwa akiosha trei kwenye bekari ya Zaven, kwa sababu ndiyo kazi ya kwanza aliyoipata kibali chake cha kazi kilipotoka. Mkewe Nazeli, raia wa Marekani, alikuwa amemwombea kadi ya kijani ya ukaazi wa kudumu, na mahojiano ya ndoa yalibaki wiki tano.

Ndipo karakana moja ya samani ikamwita: aanze Jumatatu, la sivyo wanachukua mwingine.

"Tulia, mwana wa watu!" akasema mama mkwe, Bi Siranush. "Fomu ya kadi inasema bekari. Ukihama watakuita mwongo, wakurudishe Gyumri, mwanangu abaki mjane wa mume aliye hai. Kunywa kahawa, nikusomee bahati yako kwenye mashapo."

Kahawa ikaisha, kikombe kikafudikizwa juu ya kisahani, mashapo yakateremka. Bi Siranush akavaa miwani. Hajapata kukosea huyu mama, kwa hesabu yake mwenyewe.

"Naona ndege. Katua, kakunja mbawa. Usihame!"

Hrant akanywea. Jana tu wakili wao wa uhamiaji alimwambia kibali chake hakikumfunga kwa mwajiri yeyote. Wanachochunguza ni ndoa, naye apeleke tu barua ya kazi mpya na hati za mshahara. Lakini wakili anakaa mjini. Mama mkwe anakaa chumba cha pili.

Nazeli akaangua kicheko. "Mama, huyu kahawa inamchoma tumbo. Kikombe hicho nimekinywa mimi, ulipokwenda kutazama sufuria ya dolma jikoni."

"Wewe mtoto!"

"Basi ndege ni mimi. Nami sihami, nimetua kwenye kazi yangu ya hospitali. Mwache mwenzangu aruke."

"Kikombe cha udanganyifu hakisomeki," akasema Bi Siranush, akakitia kwenye maji. Tangu hapo hakumsemesha mkwewe.

Jumatatu Hrant akaenda karakana.

Siku ya mahojiano Hrant na Nazeli wakaketi mbele ya ofisa, naye akapitisha kidole kwenye fomu ya Hrant. "Unafanya kazi bekari. Bado upo?"

Hrant akatikisa kichwa. Akasukuma barua ya karakana mezani. Ofisa akaisoma, akakata mstari kwa kalamu nyekundu, akaandika karakana. Basi! Wiki tano za kukosa usingizi, kalamu imezimaliza kwa mkwaruzo mmoja.

"Kuna kingine kilichobadilika?"

"Mama mkwe hanisemeshi."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki niliyohama kazi."

Ofisa akacheka mpaka akavua miwani. "Hilo," akasema, "ndoa ya uongo haina."

Kadi ilipofika kwa posta, aliyeipokea mlangoni ni Bi Siranush. Akaifungua bila kuuliza, akaitazama mbele na nyuma, kisha akavunja kimya chake.

"Umeona, Hrant? Ningekuachia woga wako, ungekuwa unaosha trei mpaka leo."