Jinsi Nilivyozamisha Kisiwa Chetu

Kenyatta Market, hapa Nairobi, kichwa kimoja husukwa na watu watatu, hata wanne. Mteja akishakaa tu, mikono inamvamia. Kibanda chetu ni chembamba, kwa hivyo tulikuwa wawili: rafiki yangu kulia, mimi kushoto. Yeye ni Mwislamu wa Pwani, mcheshi wa chini kwa chini. Mimi kwetu ni Magharibi, naishi Riruta, shule niliachia kidato cha pili, na kuota nikiwa macho ndiyo kazi yangu ya kwanza.

Kisiwa kilianza siku tulipopata mteja mwenye kichwa chororo. Kila tukivuta, machozi. Nikamwambia, "Dada, nyamaza, nikupeleke kisiwa kimoja ambacho watu hawakuwa na kamba, wakafunga matanga kwa nywele za wanawake."

Rafiki yangu akadakia kutoka upande wake, "Na mwenye nywele nyingi ndiye nahodha."

Mteja akacheka. Tulipofika mwisho, kuchovya ncha za misuko kwenye maji moto, kisiwa kilikuwa na merikebu, bandari na bendera.

Tangu hapo hatukusuka kimya. Mimi nilisema kipande, yeye akajibu kipande. Kisiwa kilikuwa jiwe tupu, hapakumea hata sukuma wiki, kwa hivyo watu wake walibeba mizigo ya wengine. Kilipanda cheo kwa sababu ya sheria moja: chombo chochote kilichoshikwa na dhoruba kiliingia bandarini bila kulipa, kikiongozwa na taa ya mlimani. Manahodha wa dunia nzima wakawa na deni la shukrani kwa kisiwa, na dola ikazaliwa. Wateja nao wakataka vyeo. Mama mmoja wa ofisini, mkazi wa Muthangari, akawa Waziri wa Chumvi. Jirani yetu mchoma nyama akajiteua Amiri wa Mapishi ya Majini. Jina hatukukipa, maana kila mtu alitaka kiitwe lake.

Ile taa aliianzisha rafiki yangu, na mlinzi wake alimfanya mama yake mzazi, aliyekuwa kwao Pwani na kuhadithiwa yote kwa simu. Nilijua taa si yangu. Katika kusuka, msuko ulioanzwa na mwenzako huumalizi wewe. Mikono haivuti sawa, na mteja akijitazama kwenye kioo anaona pale ulipoingilia.

Kisha mama yule akaugua, rafiki yangu akaenda kumtunza. Mgonjwa alikataa chakula. Kitu pekee kilichomfanya afungue mdomo ni kisiwa. Kila mchana rafiki yangu alinipigia: "Haya, leo kumetokea nini? Uji uko tayari." Aliweka simu kwenye spika kando ya kitanda, nami huku nikaiweka kwenye spika juu ya rafu ya mafuta, nikahadithia huku nasuka.

Jumamosi moja kibanda kilifurika. Wateja walisimama hadi mlangoni, mchoma nyama akaja na kisu chake mkononi. Nikaona macho yote kwangu. Sijawahi kutazamwa hivyo maishani, aki. Nilikusudia kusema tu kwamba wakubwa wa kisiwa wamekuwa na kiburi. Lakini watu walipiga kelele, "Wacha! Halafu?" nami mdomo ukanoga. Nikasema bahari imechoka na kiburi chao. Nikainua wimbi. Nikavunja bandari.

"Maliza bana!" mtu akasema.

"Na ule mathe wa taa?" akauliza mchoma nyama. Hakujua ni mama wa nani, maskini.

"Yule?" nikasema. "Yule ndiye alizama wa kwanza, na taa yake mkononi!"

Walipiga makofi. Nilikuwa bado nacheka wakati sauti ndogo ilipotoka kwenye rafu ya mafuta:

"Kumbe mie nishakwenda."

Rafiki yangu akazima spika. Nilizima yangu, nikatoka hadi ujiani na simu sikioni.

"Ulijua taa ni ya mamangu," akasema.

"Nilisahau."

"Hukusahau. Ulikuwa unapigiwa makofi."

Alikuwa akinijua vizuri kuliko ninavyojijua mwenyewe.

Kesho yake hakupiga. Nilimpigia mimi, akasema mama hajameza kitu tangu jana, akakata. Mimi ni mtu wa kuimba nikifua, lakini Jumapili hiyo nilifua kama niko msibani. Jumatatu watu walipokuja kazini kunipongeza, "Wewe, ile hadithi ilitubamba!" nilitamani kuingia chini ya kiti. Niliona kama nimemshika mgonjwa mkono nikamsukuma, kisha nikageuka kuuliza nani ameona.

Mchana wa siku hiyo nilipiga tena, nikaomba niongee na mama mwenyewe. Nilikuwa nimejipanga.

"Mama, shikamoo. Kuna habari mpya. Nahodha mmoja alipiga mbizi akakuta—"

"Usinitoe majini kwa huruma, mwanangu," akanikatiza. Alipumua kati ya maneno. "Kuzama nitazama. Ila umenizamisha vibaya. Dola ile nzima iende kwa wimbi moja, kama sufuria iliyoachwa ufuoni? Ilianza kuoza wapi?"

"Sijui, mama."

"Basi fikiri. Na mtu wa taa hatangulii. Akitangulia, hao wengine watatokaje?"

Nilifikiri siku nzima, mikono kwenye kichwa cha mtu. Mchana uliofuata nikamweleza: kisiwa kilioza siku walipotoza ushuru kwa mara ya kwanza chombo kilichokimbia dhoruba. Nahodha hakuwa na cha kulipa, wakamrudisha baharini. Habari ikasambaa. Bandari ikaanza kukaa tupu, matanga yakaliwa na panya, wajenzi wa merikebu wakauza misumari.

"Hapo sawa," akasema. "Enhe." Kisha, "Ngoja nimeze."

Sasa ndivyo tunavyokwenda. Watu wanaondoka kisiwani, mashua baada ya mashua, na yeye huko mlimani anawamulikia. Navuta muda kadiri ninavyoweza, maana mashua zikiisha ni zamu yake. Bibi mmoja nimemrudisha kuchukua mbuzi wake. Mashua nyingine nimeitoboa ili izibwe kwanza. Rafiki yangu hanisalimii. Mwisho wa kila simu anasema tu, "Amekula nusu bakuli. Kesho saa hiyohiyo," na kukata. Simlaumu. Hata nikisifiwa kwamba namlisha mama wa watu kwa maneno, najua ni nani aliyemfikisha kwenye mwisho huu ambao sasa naukimbia.

Jana mama aliniuliza ufuoni kumebaki mashua ngapi.

"Bado nyingi, mama."

"Mwongo we," akasema, nikasikia kijiko kikigonga bakuli.