Swichi Mbili za Bramwel

Mohamud alikuwa amechoka, na uchovu wake haukuwa wa siku moja. Miaka ishirini na minane ya kuinamia pikipiki za watu nyuma ya msikiti, mjini Kitale, ilikuwa imempinda mgongo, na magoti yalimlalamikia kila akiinuka. Lakini ungemuuliza mwenyewe, mwaka ule wa 2006, angekuambia kilichomchosha si pikipiki. Ni Bramwel.

Huyo Bramwel alikuwa akiuza spea kuukuu kule Bungoma, na walikuwa marafiki tangu wote wawili ni vijana wa kuazima spana. Mohamud akikosa kitu Kitale, anampigia. Bramwel anakichimbua kwenye lundo lake la injini zilizokufa, anakijaribu, anakifunga kwa gazeti na kukituma na gari la asubuhi. Hawajawahi kukosana. Sasa ilikuwa miezi saba hawasemezani, na aliyevunja urafiki ni Mohamud, ingawa wakati ule hangekubali hata umfunge kamba.

Mambo yalianzia kwa Chelimo, daktari wa mifugo wa huko Saboti. Chelimo alikuwa na pikipiki kubwa, ya kupozwa kwa maji kama gari, iliyoachwa na mradi fulani uliofunga ofisi. Siku moja akaja akiisukuma, gambuti zimejaa matope.

"Mzee, nikipanda kilima tu inatoa mvuke," alisema. "Feni haizunguki."

Mohamud hakubahatisha. Alitazama fyuzi, ikawa nzima. Akaunganisha nyaya mbili za feni pamoja, feni ikazunguka vizuri. Basi ikabaki swichi, kile kidude kilichofungwa kwenye rejeta, ambacho kazi yake ni kungoja maji yapate moto ndipo kiruhusu umeme uende kwenye feni. Ubavuni kilikuwa kimechorwa 95, yaani kiwashe feni maji yakifika nyuzi tisini na tano. Alikifungua, akakifunga nyaya za betri na balbu ndogo ya indiketa, akakitumbukiza kichwa kwenye sufuria ya maji juu ya jiko. Maji yakachemka. Balbu haikuwaka. Swichi imekufa, akampigia Bramwel.

Siku ya pili ikaja swichi ya Bramwel, na karatasi yenye mwandiko wake wa kulala: Nimechemsha mwenyewe, inawaka. Mohamud akaichemsha. Giza. Akaongeza makaa, akangoja hadi maji yakabaki nusu. Giza. Akapiga simu, Bramwel akashangaa, akatuma nyingine. Nayo giza tupu.

Hapo Mohamud alikasirika. Hasira yake ilikuwa ya mtu mpole, na hiyo bana ndiyo mbaya, maana haipigi kelele ikaisha.

"Bramwel," alisema kwenye simu, "shuleni tulifundishwa maji yanachemka kwa mia. Hii kitu imeandikwa tisini na tano. Kama kwa mia imekataa, itawaka lini? Wewe hukuijaribu. Unanituma takataka halafu unaniandikia uongo."

"Mohamud, ni mimi unaniita mwongo?"

"Ni wewe."

Angeishia hapo ingekuwa nafuu. Hakuishia hapo. Aliwaambia mafundi wenzake, mmoja baada ya mwingine, kwamba Bramwel wa siku hizi si wa kuaminika. Na neno la Mohamud Kitale lilikuwa na uzito. Wiki haikuisha, gereji zote zikawa zimeacha kuagiza kwa Bramwel.

Swichi mbili za Bramwel alizitupa kwenye kopo la maziwa, pamoja na ile iliyokufa ya Chelimo, ili ziwe ushahidi. Feni ya Chelimo akaiunga moja kwa moja, izunguke muda wote injini inapowaka. Ikawa inanyonya betri. Chelimo alikwama mara mbili, mara moja huko Suam, mvua inamnyeshea na ng'ombe wa watu wanangoja sindano. Kila akirudi na betri iliyoisha, Mohamud alimkumbuka Bramwel na kuchoka upya.

Basi mwezi wa saba wa ugomvi huo, Kadija, mkewe, akarudi kutoka Bungoma alikokwenda kumwona dada yake. Mohamud aliingia nyumbani saa tisa kutafuta chakula cha mchana, akakuta maharagwe bado magumu. Chelimo naye alikuwa amekaa mlangoni akingoja betri yake.

"Baba Hibo, usiniangalie hivyo," Kadija alisema. "Kwa dada yangu tumepika haya haya, ya gunia hili hili, yakaiva mapema tukala. Huku maji yanatokota tu. Makelele mengi, moto hakuna."

Chelimo akacheka. "Mama, afadhali wewe. Kwetu kule juu mlimani, mama anaweka maharagwe asubuhi tunakula jua likizama. Ukipanda juu maji yanachemka haraka, lakini hayana nguvu ya kuivisha. Hiyo kila mtu anajua."

Kila mtu alijua, ndiyo. Mohamud mwenyewe alikuwa ameyala maharagwe ya Kitale miaka yote hiyo, akingoja na kunung'unika. Haikumpitia akilini hata siku moja kwamba maji ya maharagwe na maji ya swichi ni maji yale yale.

"Kadija," alisema polepole, "nipe mafuta ya kupikia."

"Ya nini tena?"

"Nipe tu."

Mafuta hayangoji kuchemka, yanaendelea kupata moto. Alileta kopo, betri na balbu, akaanza na swichi ya zamani ya Chelimo. Mafuta yakaanza kutoa moshi na balbu bado giza, hiyo kweli ilikuwa imekufa. Akayaacha yapoe, akatumbukiza kichwa cha ile ya kwanza ya Bramwel, akarudisha sufuria jikoni. Kitambo kidogo, balbu ikawaka. Akaitoa, ikazima. Akaweka ya pili. Ikawaka.

Chelimo alifurahi, akataka ifungwe pale pale. Mohamud akaifunga, na kwa kuwa maji ya rejeta hubanwa na kifuniko yakapita moto wa sufuria, feni ikasubiri moto wake, ikazunguka, ikanyamaza, kama inavyotakiwa. Mkewe alimwona ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, ameshika ile nyingine.

Asubuhi alishuka Bungoma. Duka la Bramwel lilikuwa limefungwa nusu, spea zimefunikwa gunia, na mwenyewe alikuwa nje anapukuchua mahindi kwenye beseni. Alikuwa amekonda. Hakuinuka.

"Nimekuja na swichi yako," Mohamud alisema. "Chemsha, nione."

Bramwel alimtazama sana, kisha akaifunga swichi nyaya za betri na balbu, akaitumbukiza kichwa kwenye sufuria ya maji juu ya jiko. Maji yakachemka. Balbu ikawaka, kidogo kidogo, halafu sawasawa. Maji ya kawaida, ya bomba la Bungoma.

"Kwetu ni juu," Mohamud alisema. "Maji ya kwetu yanachemka kabla ya kufika tisini na tano. Hukunidanganya. Mimi ndiye nilikosea, na nikakuharibia jina. Nisamehe, ndugu yangu."

Bramwel hakucheka wala hakulaumu. Alizima jiko kwanza.

"Unajua, mimi nilibaki na ingine kama hii," alisema. "Nimeichemsha kila wiki tangu ile simu yako. Kila wiki inawaka. Nikasema, Mohamud hawezi kukosea, basi labda ni macho yangu yanaona kile natamani kuona. Hata wateja wa hapa Bungoma nikaanza kuwarudisha. Mtu anataka spea, namwambia sina, na iko nyuma yangu hapa."

Mohamud alikuwa amejitayarisha kwa matusi.

"Nikufanyie nini?" aliuliza.

"Wale uliwaambia, waambie."

Alirudi Kitale alasiri, magoti yanamuuma, na hakupitia nyumbani. Gereji zilikuwa kumi na moja. Kwenye ile ya kwanza, Kang'ethe, fundi wa magari, alikuwa chini ya pikapu, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Bramwel wa Bungoma hakuwa mwongo," Mohamud aliiambia ile miguu. "Mwongo nilikuwa mimi."

"Mzee, hiyo si ilipita zamani?" Kang'ethe alijibu kutoka kule chini.

"Haijapita," Mohamud alisema. "Toka huko chini, ukae, unisikilize."