Vijidudu vya Mama

Juzi nilipanga foleni kwenye dirisha la maabara mjini Garsen, nyuma ya mama mmoja wa Kiorma mwenye kibuyu cha maziwa kwapani. Binti wa maabara akamsomea majibu: kooni hakuna ugonjwa, ni vijidudu vya kawaida tu.

"Vijidudu? Nipe dawa ya kuua."

"Hapana, mama. Kila mtu anavyo. Vinatulinda."

Mama akakitazama kibuyu chake. "Kama hii? Mimi naacha maziwa kidogo chini, ndiyo inagandisha ya kesho. Ya kwanza mama yangu alinipa, siku naolewa."

"Basi hata hivi vya mwilini, vya kwanza ulipewa na yeye, siku uliyozaliwa."

Mama akaichukua karatasi ya majibu, akaikunja taratibu, akaitia kifuani. "Basi wacha vikae."

Mamangu yuko Golbanti. Nimewahi kumshukuru kwa uji na kwa karo, lakini si kwa hili. Nikampigia simu papo hapo. "Mama, asante kwa vijidudu ulivyonipa."

"Mimi?" akang'aka. "Wewe niliyekuogesha asubuhi na jioni!"